Asali Aliyokula Mtani

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo shida ilipoingia kwetu. Baba aliota uvimbe shingoni, chini ya taya. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya kunde, naye akawa anaupapasa huku anaongea, kama mtu anayepapasa ndevu. Mvua zilipokwisha ulikuwa kama yai. Wakampeleka kwa mganga huyu, wakampeleka kwa mganga yule, wakamchanja, wakampaka masizi, wakasema jirani kamroga, wakasema mizimu imekasirika. Hospitali alifikishwa mwishoni kabisa, amefungwa kwenye baiskeli asianguke, na daktari alimtazama akamrudisha nyumbani. Jina la ule ugonjwa hakuna aliyelitaja. Nimekuja kulijua ukubwani.

Baba alipokufa niliacha shule. Nilikuwa darasa la tatu, na mpaka leo elimu yangu ni hiyo. Sisemi hivi nionewe huruma. Nasema ili anayesoma ajue anaongea na nani. Nilikwenda Igalula, stesheni, nikabeba magunia ya karanga na mpunga kuyapandisha kwenye mabehewa. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku mpaka baharini. Mimi nilibeba kutoka ghalani mpaka relini, na jioni nililala na mgongo wa mzee.

Kutoka kwenye magunia nikaingia kwenye asali. Niliwafuata warina asali porini, nikajifunza kutundika mizinga ya magome, nikaumwa na nyuki mpaka nyuki wenyewe wakachoka. Nikauza kwa chupa, nikauza kwa debe, nikauza kwa pipa. Leo nina duka Kanyenye, na mtu wa Tabora akitaka asali isiyochanganywa na sukari anaelekezwa kwangu. Hakuna aliyenipa. Hakuna mjomba, hakuna mkopo, hakuna kiongozi wa chama. Mke wangu tu.

Nilimkuta palepale Igalula, anauzia abiria matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Mara ya kwanza nilinunua kwa njaa. Baada ya hapo nilinunua hata nikiwa nimeshiba, na yeye alijua, na bei hakupunguza. Yeye Mmoraviani, mimi Mkatoliki, ndugu wa pande zote mbili wakapiga kelele, tukawaacha wapige. Nilipokuwa porini yeye ndiye aliyechuja asali kwa kitambaa, aliyeosha chupa, aliyekataa wateja waliotaka kumpunja. Mali yangu yote imepita kwenye mikono ya yule mwanamke.

Sasa mwaka juzi, akiwa anaoga, akakuta kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Alitoka bafuni na khanga imelowa, akaniambia, "Baba watoto, njoo ushike hapa." Nikashika. Kilikuwa kama punje ya kunde. Sikuuliza mtu. Sikuita mganga, sikuita mchungaji wala padri. Kesho yake alfajiri tulikuwa stendi.

Tabora walitutuma Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Wakapima, wakasema saratani, tena kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja aina ya mbegu. Wakaliondoa titi. Kidonda kilipopona wakasema sasa zinafuata dripu, za kuua mabaki ambayo macho hayayaoni. Kila baada ya wiki kadhaa tupande basi, tupite Nzega, tupite Shinyanga, alazwe, atundikiwe, turudi. Nikasema hilo si neno. Mabasi yapo.

Neno lilikuja baada ya dripu ya kwanza. Mke wangu alitapika kutoka Mwanza mpaka Tabora. Alitapika nyumbani mpaka hakuna cha kutapika, akawa anatoa maji ya njano. Harufu ya ugali ikawa adui yake. Harufu ya mlenda, ya sabuni, ya shati langu. Niliacha kuvaa lile koti la dukani kwa sababu linanuka moshi. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni mwake, asali kidogo kwenye ncha ya kijiko, nayo alilamba kwa kunionea huruma mimi. Dripu ya pili ikawa mbaya zaidi, ya tatu ndiyo usiseme. Mwanamke niliyekuwa namwambia asogee kitandani nipate nafasi, sasa nilikuwa namtafuta kwa mkono.

Nusu ya dripu zilikuwa bado. Asubuhi moja nikimfunga kilemba, kwa maana nywele zilikuwa zimenyonyoka, akaniambia, "Mzee wangu, mimi Mwanza sirudi."

Nikasema, "Daktari amesema ukikatiza, ule ugonjwa unarudi."

"Na urudi. Utanikuta nimekaa nyumbani kwangu, si kwenye ndoo."

Nilifunga kile kilemba vibaya, nikakifungua, nikakifunga tena. Mimi nimezoea shida unayoweza kuibeba au kuifukuza kwa moshi. Hii ilikuwa ndani ya mtu wangu, na mtu wangu amechoka.

Ndipo alipokuja shemeji, mdogo wake mke wangu. Yeye ni mrina asali huko Uyui, mwanamume mwenye mikono mikubwa na moyo mwepesi. Mama yao alikufa mapema, dada akambeba mgongoni, na mpaka leo na mvi zake akimwona dada yake anapiga goti kumsalimia. Alikuja na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, lakini ndani hamkuwa na dawa ya kikohozi. Kilikuwa kitu cheusi chenye ukijani, kizito, kinachonuka kama majani yaliyopondwa yakaoza.

"Ni nini?" nikauliza.

"Mafuta, shemeji."

"Ya nini?"

Akatazama mlango. "Ya bangi."

Nikamwambia atoke nayo. Mimi nimeishi umri huu wote sijawahi kulala mahabusu. Lakini yeye akatoa simu, akanionyesha mtu anayeongea kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, anasema wataalamu wa nje wamegundua kwamba bangi inaua saratani, inarudisha hamu ya kula, inazuia kutapika, na kwamba madaktari wanaficha.

"Shemeji," akasema, "huku kwetu tumbaku tunalima mchana kweupe, na inaua watu. Hii wanayosema inaponya ndiyo imekatazwa?"

"Hiyo si hoja ya kumlisha dada yako."

"Sasa hoja ni ipi? Anakufa na njaa!"

Mke wangu alikuwa anasikia yote kutoka chumbani. Akaita, "Nyie wanaume mnaougawa mwili wangu huko sebuleni, leteni hiyo chupa niione."

Tukampelekea. Akainusa, akageuza uso, akashika tumbo. Kisha akasema, "Uchungu huo sitaumeza. Changanyeni na asali. Nitajaribu jioni."

Yeye mwenyewe alisema. Nami nilipomsikia anasema neno "nitajaribu", neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu, sikuwa na nguvu ya kukataa. Shemeji akachukua kopo la asali, akamimina ile chupa yote, akakoroga. Kwetu dawa zote zinapita kwenye asali. Ya kifua, ya mtoto, ya mzazi. Nikamuuliza, "Anywe kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kijiko kikubwa au kidogo?"

"Kijiko ni kijiko, shemeji."

Akaliweka kopo mezani, karibu na sahani ya matobolwa, akaenda uani kupasua kuni. Mimi nikatoka kwenda dukani mara moja.

Hapa lazima nieleze kuhusu mtani wangu. Yeye ni Mzaramo, fundi cherehani pale Kanyenye, aliyeletwa na reli akiwa kijana akaoa huku akazeekea huku. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo na kulala kwenye vijiji vyao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuingia kwako akachukua chakula bila kuomba, anaweza kufanya mzaha kwenye maiti yako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Tangu mke wangu augue, watu wote walikuwa wanakuja na nyuso za kuzika. Mtani peke yake ndiye aliyekuwa anamchekesha.

"Hodi! Hapa ndipo penye msiba?" ndivyo alivyokuwa anabisha.

"Msiba wa nani?" mke wangu anajibu kutoka ndani.

"Wa mwanamke mmoja wa Kinyamwezi, anayemaliza pesa za mumewe kwa kupanda mabasi."

"Rudi kesho. Leo hajafa."

"Aa! Na mimi nimeshafunga cherehani! Basi nipeni chakula nisipate hasara yote."

Siku hiyo alikuja baada ya sala ya alasiri. Mke wangu alikuwa amesinzia, shemeji yuko na shoka lake uani, hakuna aliyemjibu. Basi akaingia, akakaa, akafanya kile ambacho mtani anafanya. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta kopo liko katikati ya magoti, anachovya kipande cha kiazi, anameza, anachovya kingine.

Nikasimama mlangoni.

"Usiniangalie hivyo, mchoyo wewe," akasema. "Asali yako chungu chungu. Nyuki wako wanalala kwenye mwarobaini?"

"Mtani, weka chini hilo kopo."

"Nimelitwaa. Mtani akishika, kimekuwa chake."

"Mtani, hiyo asali ina bangi."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Ina bangi! Na hivi viazi vina kokeini, siyo? Mnyamwezi kwa kulinda tonge!" Akachovya tena, kipande kikubwa zaidi, huku ananitazama machoni, anakula taratibu makusudi ili niumie.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa kutaniana na mtu miaka mingi. Nilimwambia kweli kavu na hakuwa na namna ya kuiamini. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kucheka. Nikamwita shemeji, shemeji akaja na shoka mkononi, akaona kopo, akaliacha shoka likaanguka. Mtani akasema, "Ona wanavyoigiza hawa! Mngepelekwa kwenye maigizo."

Mpaka mke wangu alipotoka chumbani, anashika ukuta, akasema polepole, "Mtani, si utani. Ilikuwa dawa yangu. Ina bangi kweli."

Mtani akamtazama. Wanawake wagonjwa hawatanii hivyo. Akaweka kopo mezani kwa mikono miwili.

"Mmenilisha haramu," akasema.

"Umejilisha," nikamwambia.

Mwanzoni hakuna kilichotokea, tukaanza kufikiri labda ile chupa ilikuwa majani ya mpapai tu. Mtani akarudisha mdomo wake, akaanza kumkejeli shemeji kwamba hata bangi imemshinda kupika. Karibu na magharibi akaomba maji ya kutawadha. Nikampa. Akaosha mguu mmoja, akautazama, akauosha tena. Akauosha tena uleule. Nikamwuliza, "Mtani, mguu wa pili ni wa nani?" Hakucheka. Akainua uso, na macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi.

"Moyo wangu," akasema. "Mtani, moyo unakimbia. Mdomo umekuwa mchanga. Nakufa, na huu si utani."

Tulimbeba mimi na shemeji mpaka barabarani, tukamwingiza kwenye bajaji. Alikuwa ananitapikia begani, anatetemeka, anasema barabara imesimama wima. Akanishika mkono akasema, "Nisomee."

"Mimi Mkatoliki, mtani."

"Soma chochote!"

Nikamsomea nilichonacho.

Kwenye kituo cha afya, kabla hatujaingia, shemeji akanivuta shati. "Sema ni presha. Sema hatujui. Watatufunga, shemeji, na dada atabaki na nani?"

Nakiri nilipiga hesabu hapo mlangoni. Nikifungwa, nani atampeleka Mwanza, kama akikubali kwenda? Nani atamfunga kilemba? Lakini mtani alikuwa ananing'inia shingoni mwangu kama gunia, na gunia hilo lilikuwa linalia. Tabibu wa zamu, kijana mwenye miwani, akauliza amekula nini. Nikasema, "Amekula asali yenye mafuta ya bangi. Nyingi. Mafuta ni ya nyumbani kwangu. Mke wangu ana saratani."

Kijana akaniangalia mara moja tu. "Asante kwa kusema, mzee. Ungeficha ningehangaika na moyo wake bure." Kisha akaanza kazi. Alimpima presha, akamlaza, akamwekea maji, akatuambia mapigo yanakwenda mbio lakini yanakwenda sawa, na kwamba kitu hicho kikiliwa kinachelewa kupanda na kinachelewa kushuka, kwa hiyo atakaa naye hapo mpaka kimwishe. Kuhusu polisi hakusema kitu. Alisema tu, "Hayo mafuta, mama bado hajatumia? Yamwageni chooni. Yeye kwa hali hiyo, na dawa alizonazo mwilini, msijaribu. Na mkamwambie daktari wake."

Mtani alipona. Kesho yake alikaa kitandani, akaomba chai na chapati, akatangaza kwamba kwa mujibu wa utani nimekwisha kupatikana na hatia ya kumuua Mzaramo, na faini yake ni jogoo mwekundu. Nikalipa. Hasira hakuwa nayo, na hata angetaka isingeruhusiwa.

Lakini mke wangu hakucheka. Niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa na lile kopo mbele yake, limefungwa.

"Mtu mwenye nyama zake ameanguka hivyo," akasema. "Mimi niliyebaki mifupa, mngenikuta wapi?"

Shemeji alikuwa amechuchumaa kizingitini, analia bila sauti. Mke wangu akamwambia, "Wewe, inuka. Hukutaka kuniua. Ulitaka nile." Akamshika kichwa, zile mvi, kama vile bado anambeba. Lile kopo nilikwenda kulimwaga mwenyewe, asali yangu mwenyewe, na kuna mambo machache yaliyowahi kuniuma kama kuona asali inateremka chooni.

Sasa tukabaki palepale. Mafuta hakuna, kutapika kupo, na Mwanza hataki. Nikamwambia, "Twende tukamwambie daktari. Kama unaacha, acha mbele yake. Usiache kwa kujificha kama mdaiwa." Akafikiri. Mke wangu ana adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyompandisha basi. "Nitakwenda kumuaga," akasema. "Ni mtoto mzuri. Amenihangaikia."

Daktari wetu ni mwanamke, kwa umri angeweza kuwa binti yetu wa mwisho. Tulipoingia akasimama. "Shikamoo babu, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, habari za tangu siku ile? Unaendeleaje?"

Na mke wangu, mwanamke aliyesafiri kutwa nzima kuja kusema kwamba ameshindwa, akatabasamu akajibu, "Nzuri, mwanangu. Mhola tu, ni salama. Namshukuru Mungu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, amefurahi, akainama kuandika.

Nikapiga meza. Sikutaka kupiga kwa nguvu ile, lakini mkono wangu ni wa magunia. "Usiandike!" nikasema. "Hana nzuri. Anatapika mpaka maji ya njano. Hali. Halali. Amekuja kukuaga hapa."

Daktari akaweka kalamu. "Mama, unatapika?"

"Kidogo," akasema mke wangu.

"Kidogo!" nikasema. "Ndoo nazimwaga mimi!"

"Mama," daktari akasema, sauti imeshuka, "kila ukija nakuuliza unaendeleaje, na kila siku unaniambia nzuri."

Mke wangu akamshangaa. "Lakini mwanangu, si ulikuwa unanisalimia? Ningekujibuje?"

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, unatoa nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua. Yaliyobaki unayasema baadaye, mkishakaa, kama akiuliza tena. Yule binti hakuuliza tena kwa sababu ana foleni mpaka nje, na mke wangu hakuendelea kwa sababu kuendelea bila kuulizwa ni kulalamika. Dripu tatu zilikuwa zimepita kwenye mwanya huo.

Daktari akavuta kiti chake akakizungusha, akakaa upande wetu wa meza, magoti yake yakigusa ya mke wangu. "Leo sikusalimii," akasema. "Leo nakuuliza. Anza asubuhi unapoamka." Na mke wangu akasema. Alisema yote, mpaka yale ambayo hata mimi sikuwa nayajua, kwamba alikuwa anajifungia bafuni akifungua bomba nisisikie. Katikati alianza kulia. Daktari hakumkatiza.

Alipomaliza, nami nikasema habari ya mafuta na ya mtani. Nilitegemea kugombezwa. Daktari aliziba mdomo kwa mkono, nikaona mabega yanatetemeka, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwa utaratibu, na mimi nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa.

Alisema huyo mtu wa kwenye simu amechukua ukweli kidogo akaujaza maji. Ndani ya mmea ule mna vitu vingi, na watafiti wamevitenga wakavipima kimoja kimoja. Kile kinacholewesha ndicho pia kilichoonekana kupunguza kichefuchefu kwa baadhi ya wagonjwa wa dripu, na nchi nyingine kuna vidonge vyake, vimetengenezwa kwa kipimo, vinatolewa pale dawa za kawaida zinaposhindwa. Kwenye maumivu, wengine wanapata nafuu kidogo na wengine hawapati, wataalamu bado wanabishana. Hamu ya kula vivyo hivyo. Hapa kwetu vidonge hivyo hatuna, na sheria ndiyo hiyo tunayoijua.

"Na kuiua saratani yenyewe?" nikauliza.

"Kwenye vyombo vya maabara na kwa panya wameona mambo ya kutia moyo, babu. Lakini kwenye chombo, vitu vingi vinaua saratani. Kwa binadamu hakuna bado aliyeonyesha kwamba inaponya. Wanaendelea kutafuta. Ikipatikana sitakuficha, hata mimi nina mama."

"Basi yale mafuta ya shemeji yana kitu cha kweli ndani."

"Yanaweza kuwa nacho. Kiasi gani, wewe unajua?"

Hapo alinipata mahali ninapopajua. Mizinga miwili kwenye mti mmoja haitoi asali moja. Huu umekula maua haya, ule yale. Huu mzito, ule mwepesi. Ndiyo maana siuzi kabla sijaonja kila pipa. Na sisi tulitaka kumpa mke wangu kijiko cha kitu ambacho hakuna aliyekionja isipokuwa Mzaramo, naye alikutwa akiosha mguu mmoja.

Daktari akabadilisha dawa. Zile za kutuliza tumbo alizokuwa anameza alikuwa anazitapika, kwa hiyo akasema nyingine itapita kwenye sindano kabla ya dripu, na nyingine ni kidonge cha usiku ambacho kitamletea usingizi na pengine njaa, na hicho aendelee nacho nyumbani hata akijiona mzima. Akamgeukia mke wangu. "Bado unaniaga, mama?"

Mke wangu alinitazama, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, sikusema kitu. Ulikuwa mwili wake.

"Nitundikie hii moja," akasema. "Nikitapika kama zile, utaniona tena nikija kukuaga."

Akatundikiwa. Siku ya kurudi nilipanda basi na mifuko ya plastiki kwenye kila mfuko wa nguo. Shinyanga akawa amelala begani kwangu. Nilihesabu pumzi zake kama mtu anayesikiliza mzinga kujua kama nyuki wamo. Tulipofika Nzega basi likasimama, wachuuzi wakavamia madirisha, na moshi wa nyama ya kuchoma ukaingia ndani. Mke wangu akafumbua macho, akainua pua. Nikatoa mfuko haraka, nikaufungua chini ya kidevu chake.

Akausukuma. "Weka huko. Ninunulie."

"Nini?"

"Nyama. Mishikaki. Na ndizi moja. Wewe vipi?"

Nilinunua kupitia dirishani, sikuuliza bei, na mwenzangu wa kiti cha mbele atasema ni moshi ulioniingia machoni, na aseme. Alikula mshikaki mmoja na nusu. Nusu iliyobaki alinipa mimi.

Kutapika hakukwisha kabisa, nisidanganye. Kulikuwa na siku mbaya. Lakini zilikuwa siku, hazikuwa wiki, na katikati yake alikuwa anakunywa uji. Alizimaliza dripu zote. Akipigiwa simu na daktari anamwambia kwanza, "Hii ni salamu au ni swali?" Kisha anajibu kulingana. Shemeji naye anakuja kila Jumapili na anapiga goti, na hakuna anayetaja chupa isipokuwa mtani, ambaye hagusi asali ya kwangu mpaka mtu mwingine aonje mbele yake.

Kama ule ugonjwa umekwisha, hakuna aliyetuambia umekwisha. Wanasema hauonekani. Tunakwenda wanamwangalia, tunarudi, tunaendelea.

Watu huniuliza nina nini leo, mtu wa darasa la tatu. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Cheyo, vyumba vitano, bati jipya. Nina duka Kanyenye na mizani yake. Nina mizinga mia mbili na kitu, ya magome na ya kisasa, kwenye pori la Uyui. Pikipiki moja, inatumiwa na shemeji. Kisima cha pampu. Shamba la karanga. Mbuzi wachache, kuku, jogoo mmoja mweusi. Ndoo tatu ambazo sasa tunatekea maji. Koti la dukani, limefuliwa. Na tiketi mbili za basi la Mwanza, kiti cha dirishani na cha pembeni yake, za kwenda kumwangalia tena mwezi ujao.